Mtoto Asiye na Jina la Baba

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu Mocímboa da Praia hadi Palma, wapo kina mama wanaolea peke yao watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Baba yu ng'ambo ya mto Ruvuma, ama anakana tu. Je, mtoto huyo hana haki?

Anayo. Sheria iliyorithiwa kwa Wareno ilimtenga mtoto "asiye halali". Sheria ya Familia ya mwaka 2004, na ile iliyoshika nafasi yake mwaka 2019, hazikubali ubaguzi huo. Malezi ni wajibu wa wazazi wote wawili, wawe wameoana ama sivyo. Matunzo hupimwa kwa mahitaji ya mtoto na uwezo wa mzazi. Mvuvi hatozwi sawa na tajiri.

Lakini mlango wa haki hiyo ni kuthibitishwa kwa ubaba. Baba aweza kumtambua mwanawe kwa hiari mbele ya msajili. Akikataa, shauri hupelekwa mahakamani.

Hapo ndipo vita vilipozidisha ugumu. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, na lile la Palma, Machi 2021, wengi wamekimbilia Pemba bila vyeti wala karatasi. Majirani waliomsikia baba akimwita mtoto "mwanangu" wametawanyika, nao ndio mashahidi.

Kwa hiyo kumwandikisha mtoto si jambo la kungoja amani. Jina lililoandikwa leo ndilo chakula cha kesho.