Je, Wajua? Samaki Humfuata Mvuvi Asijue

Katika Ziwa Michigan, Marekani, samoni hupenda maji baridi, ya nyuzi 10 hadi 13 hivi za Selsiasi, na majira ya joto maji hayo huwa mita nyingi chini. Anayerambaza, yaani anayevua kwa kukokota chambo nyuma ya boti, hulazimika kukifikisha huko. Hutumia winchi ndogo yenye waya na tufe la risasi la kilo 5 hivi. Mshipi hushikwa na kibanio karibu na tufe. Samaki akivuta, kibanio huachia, mvuvi akapambana na samaki bila kuburura uzito ule.

Siku hizi kamera hufungwa kwenye waya huohuo. Mawimbi ya redio hayafiki mbali majini, kwa hiyo nyingi hurekodi tu, picha zikatazamwa baadaye. Nazo zinaudhi! Samaki hukiandama chambo kwa muda, kisha hugeuka na kwenda zake; juu, fimbo haijatikisika hata kidogo. Mara nyingine huuma pale boti inapokata kona na chambo kubadili mwendo. Wekundu nao hufifia upesi majini: chambo kilichopendwa dukani kwa rangi yake, huko chini huonekana kijivu au cheusi.