Dawa Isiyouzwa Dukani: Mapumziko ya Desemba Mlimani

Kila mwaka, Desemba ikishafika katikati, barabara itokayo Dar es Salaam kuja Kaskazini hujaa mabasi na magari madogo. Stendi ya Moshi hujaa masanduku, ndoo, magunia ya mchele na watoto wenye usingizi. Kutoka hapo magari huanza kupanda: Machame, Kibosho, Uru, Kilema, Marangu, Mwika, Rombo. Wana wa mlima wanarudi nyumbani.

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia magonjwa na tiba. Mwezi huu tuzungumzie dawa moja isiyouzwa dukani, nayo ni pumziko. Wengi wetu husema tunakwenda kijijini kupumzika. Je, tunapumzika kweli? Wapo wanaofika tarehe 23, wakaegesha gari, wakamwamkia mama, wakakaa naye dakika kumi, kisha wakashinda baa ya njia panda mpaka tarehe 2 Januari. Hurudi mjini wamechoka kuliko walivyokuja, mfuko mtupu na shinikizo la damu limepanda. Na yule mama aliyehesabu siku tangu Pasaka hubaki mlangoni akipunga mkono, ilhali hakupata hata jioni moja ya kuzungumza na mwanawe.

Pumziko halikujii kwa sababu tu umebadilisha mahali pa kulala. Lazima macho, miguu, masikio na moyo vipewe nafasi yake. Tuvitazame kimoja kimoja.

MACHO YAPUMZIKE

Amka mapema, kabla jua halijawa kali, utoke uani. Katika msimu huu mawingu hupenda kuufunika mlima kadiri asubuhi inavyosogea, kwa hiyo anayelala mpaka saa nne anaweza kumaliza likizo nzima bila kuuona. Ukiwa Moshi mjini, Kibo yenye mita 5,895 iko kushoto kwako, na Mawenzi yenye meno, mita 5,149, iko kulia. Jioni, karibu saa kumi na mbili, mara nyingi mawingu huachia tena, na Kibo hugeuka rangi polepole mpaka giza linapoingia. Hakuna kiingilio.

Je, kutazama mlima na miti kunasaidia afya? Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich wa Marekani alichapisha habari za wagonjwa wa hospitali moja huko Pennsylvania waliofanyiwa upasuaji wa kifuko cha nyongo. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitali mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Nchini Japani, tangu mwaka 1982 serikali imekuwa ikiwahimiza watu kutembea msituni taratibu ili kutuliza mwili na akili.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali, kwani kihamba chenyewe ni msitu. Juu kuna mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi na maharage. Pembeni maji ya mfongo yanapita, kazi ya mikono ya mababu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu wa kihamba, kule Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia nzima. Weka kigoda chini ya migomba, zima simu kwa saa moja, usikilize ndege. Hiyo ni sehemu ya dozi.

Tena mwite mwanao na babu yake, mkae watatu. Mwombe babu aeleze barafu ilikuwa imeshuka mpaka wapi alipokuwa mtoto. Wanasayansi wamepima wakaona kwamba kati ya mwaka 1912 na 2011 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85. Anachokikumbuka babu mjukuu hatakiona tena, ila atakuwa amekisikia kwa aliyekiona.

MIGUU ITEMBEE

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mjini tunasema nafasi haipo. Huku mlimani nafasi ipo mlangoni. Kwenda kanisani kwa miguu na kurudi, kumsalimu shangazi ng'ambo ya korongo, kumsaidia bibi kukata majani ya ng'ombe na kuyabeba, kutoa samadi bandani na kuipeleka migombani: yote hayo ni mazoezi. Gari likae. Kijiji kinaonwa kwa miguu, na salamu za njiani ni sehemu ya tiba.

Hata hivyo, twende kwa kiasi. Aliyekaa ofisini miezi 11 asipande kilima kwa mbio siku ya kwanza. Kupanda hukaza moyo, na kushuka huumiza magoti, kwa hiyo fimbo si aibu. Ukisikia kifua kinabana, pumzi inakata au kichwa kinazunguka, simama na utafute msaada wa kitabibu mara moja.

Vijana wanaokwenda kuona maporomoko ya Materuni kule Uru au Kinukamori kule Marangu wakumbuke kwamba mawe ya mtoni yana utelezi, na kwamba mvua ikinyesha juu mlimani mto unaweza kujaa ghafla hata kama mlipo ninyi jua linawaka. Watoto wasiachwe peke yao. Msitu wa juu nao ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu mipaka yake ilipopanuliwa mwaka 2005, kwa hiyo atakaye kuingia afuate utaratibu.

SAUTI ZIUNGANE

Wiki chache kabla ya Noeli, ukipita karibu na kanisa lolote la mlimani jioni utasikia mazoezi. Sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, huadhimishwa tarehe 22 Novemba, na kutoka hapo kwaya hazilali. Sauti ya kwanza inarudia mstari wake, besi wanakosea, wote wanacheka, mwalimu anagonga meza, wanaanza upya. Kwa jirani zetu Walutheri, tarumbeta zinasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Na kwenye nyua za wazee bado wapo wanaojua kucheza iringi.

Kuimba ni kazi ya mwili mzima. Anayeimba vizuri huvuta pumzi kwa tumbo, si kwa mabega, kisha huitoa polepole kwa muda mrefu. Upumuaji wa namna hiyo hutuliza mapigo ya moyo. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walionyesha kwamba watu wanaoimba pamoja mioyo yao huelekea kwenda kasi na kupungua kwa pamoja, kwa sababu wanapumua pamoja. Haya si badala ya vidonge vya shinikizo la damu. Lakini mtu aliyekuwa mpweke mwaka mzima akisimama katikati ya sauti nne, hatoki pale kama alivyoingia.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Katika familia nyingi sasa yupo mzee anayepoteza kumbukumbu. Huuliza swali moja mara tano, na huwaita wajukuu kwa majina ya baba zao. Watu humkwepa, si kwa ubaya, ila hawajui wazungumze naye nini. Jaribu kumwimbia wimbo wa Noeli alioujua utotoni, au ule wa jando, wa harusi, wa shamba. Nyimbo za zamani mara nyingi hubaki wakati majina yamekwisha kutoweka. Usishangae akikupokea mstari wa pili na kuumaliza wimbo wote. Kwa dakika hizo tatu umempata tena.

Kwa sababu hiyo, tuwe waangalifu na spika kubwa. Muziki wa kupasua masikio usiku kucha hudhuru usikivu wa vijana wenyewe, na huwanyima usingizi wagonjwa, wazee na watoto wachanga. Mpigaji muziki mwenye adabu hupunguza sauti saa za kulala zikifika.

TUMBO NA KIKOMBE

Hatutakukataza mtori wala machalari, maana ni chakula kizuri. Ndizi, maharage, mboga na maziwa ya nyumbani ni afya kuliko chipsi za mjini. Kinachotuumiza ni nyama asubuhi, mchana na usiku kwa siku kumi, pamoja na chumvi nyingi na bia juu yake. Mwenye ugonjwa wa gauti anajua mguu wake utakavyomlipa. Mwenye kisukari asisahau mlo wake eti kwa sababu ni sikukuu.

Mbege ni kinywaji cha heshima. Hutengenezwa kwa ndizi na ulezi, hunywewa katika kata kwa zamu, na hukutanisha watu. Lakini mbege ni pombe. Mjamzito, mtoto, anayetumia dawa ambazo daktari amemwonya asizichanganye na pombe, na hasa anayeshika usukani, hao wote waipitishe kata kwa jirani bila kunywa. Njia zetu ni nyembamba, zina kona na makorongo, na usiku zina watu watembeao kwa miguu. Kila Desemba zipo nyumba ambazo sherehe inageuka msiba kwa sababu ya kikombe kimoja zaidi. Dereva akinywa, gari lilale.

ANAYEBAKI

Tunafika sasa kwenye jambo kubwa kuliko yote. Mapumziko haya si yako peke yako. Yupo anayebaki mlimani Januari mpaka Novemba.

Mama wa miaka 78 anayeishi peke yake kihambani haumwi na miguu tu. Huumwa pia na ukimya. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda kamisheni maalum kuhusu mahusiano ya watu, kwa kutambua kwamba upweke hudhuru afya ya mwili pia, pamoja na moyo wenyewe. Wahenga wetu hawakuhitaji kamisheni ili kulijua hilo, ndiyo maana walijenga karibu karibu.

Basi, siku mbili za likizo yako zitoe kwake. Kaa naye jikoni. Usikae sebuleni ukisubiri chai, kaa jikoni penyewe. Ikiwa baada ya dakika 20 macho yako yanawasha na kifua kinakereketa kwa moshi, ujue mama huuvuta moshi huo kila siku ya Mungu. Dirisha la pili, bomba la kutolea moshi au jiko bora ni zawadi ya Noeli kuliko kreti nyingine ya bia. Tazama vidonge vyake: anavinywa kila siku, au anaviruka ili visiishe? Mwulize kama anaona vizuri, kama anasikia, kama amewahi kuanguka. Njia ya kwenda chooni ina mwanga? Ina kitu cha kushika? Kabla hujaondoka, mpeleke akapimwe. Hospitali za Kibosho, Kilema na Huruma ziko karibu na watu, na kwa matatizo makubwa ipo KCMC hapo Moshi, ambayo imehudumia tangu mwaka 1971.

Na kama kuna ndugu ambaye hamjasemezana kwa sababu ya mpaka wa kihamba, usirudi mjini na mzigo huo. Kinyongo huondoa usingizi na huchosha mwili. Wazee wetu walituachia jani la masale. Anayelibeba kwenda kwa aliyemkosea amekwisha kusema neno gumu kabla hajafungua kinywa. Masale bado yapo kwenye mpaka ule ule mnaougombania.

KWA UFUPI

1. Beba dawa zako zote za kutosha siku za safari na likizo, na usizikatize.

2. Safiri mchana ikiwezekana, na usiendeshe ukiwa umechoka au umekunywa.

3. Homa ikikupata, kapime malaria. Usiseme ni baridi ya mlimani tu.

4. Tembea kila siku angalau nusu saa, ukianza polepole.

5. Imba na wenzako, hata kama sauti yako si ya kwaya.

6. Toa siku mbili kamili kwa mzee wenu, na mkubaliane nani atampigia simu siku gani kuanzia Januari.

Mpendwa msomaji, fedha za Desemba huisha, na nyama huisha. Lakini ukirudi mjini umeuona mlima asubuhi, umetembea, umeimba, na umemwacha mama jikoni pasipo moshi, akijua simu italia Jumapili, hapo ndipo unaweza kusema umepumzika, na yeye pia.

Safari njema ya kwenda, na safari njema ya kurudi.