Ukitazama ‘Dune’, unampigia nani makofi?

Je, msomaji mpenzi, umewahi kuketi na jamaa zako mkatazama filamu moja, kisha mkainuka kila mmoja akiwa ameona mambo yake? Huyu anasema imemkosha roho, yule anakiri kwamba alisinzia, na yule aliyesoma kitabu kabla ya filamu anafura kwa hasira kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ugomvi wa aina hii ni wa tangu jadi. Hata hivyo, ni hadithi chache ambazo zimeuzua mara nyingi kama ‘Dune’, riwaya ya kisayansi ya Mmarekani Frank Herbert iliyochapishwa mwaka wa 1965. Ilitiwa katika sinema mwaka wa 1984, ikatengenezwa upya kwa sehemu mbili mwaka wa 2021 na 2024, na kila mara watazamaji waligawanyika. Ukiuchunguza ugomvi wao utagundua kwamba hauhusu uzuri wa picha pekee. Uko juu ya swali ambalo hata wewe huenda umewahi kujiuliza: anapotokea mtu anayeahidi kutuokoa, je, tumshangilie au tumchunguze kwanza?

Jangwa na kijana mgeni

Kwa faida yako usiyeijua hadithi hii, hebu tuisimulie kwa ufupi. Mambo yanatendeka maelfu ya miaka ijayo katika sayari ya Arrakis, jangwa tupu ambako tone la maji ni mali, na ambako hata jasho la mwili huchujwa ndani ya mavazi maalum ili linywewe tena. Chini ya mchanga wanaishi nyungunyungu wakubwa kupindukia, wanaoweza kumeza mitambo mizima. Pamoja na ukali wake wote, sayari hiyo inagombaniwa na wakubwa wa ulimwengu, kwa kuwa ndiko pekee kunakopatikana kiungo kinachorefusha maisha ya binadamu na kuwawezesha manahodha kuviongoza vyombo vyao kati ya nyota.

Kijana Paul, wa ukoo wa watawala wa Atreides, anahamia huko pamoja na wazazi wake. Babake anauawa kwa njama za ukoo hasimu wa Harkonnen, ambao wanaungwa mkono kisirisiri na Mfalme Mkuu. Paul na mamake, Jessica, wanatorokea jangwani kwa wenyeji waitwao Fremen. Huko kuna utabiri wa kale kwamba mkombozi atakuja kutoka mbali. Paul anapokewa kuwa ndiye. Anawaongoza wenyeji vitani, analipiza kisasi cha babake na kutwaa kiti cha enzi.

Ukiishia hapo utasema hii ni hadithi ya shujaa kama nyingine zote. La hasha! Utabiri ule haukushuka kutoka mbinguni. Ulipandikizwa zamani na chama cha wanawake wenye maarifa na hila, Bene Gesserit, ili mmoja wao akikwama ugenini siku moja apate pa kujisitiri. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Isitoshe, Paul mwenyewe anaona katika njozi zake kwamba vita vitakavyopiganwa kwa jina lake vitaenea ulimwengu mzima, na kwamba yeye hataweza kuvizuia.

Wasomaji wengi walilipita onyo hilo wakamkumbatia Paul. Mwaka wa 1969 Herbert alitoa kitabu cha pili, ‘Dune Messiah’, ambamo Paul, kwa makadirio yake mwenyewe, amesababisha vifo vya watu bilioni 61. Baadhi ya waliompenda shujaa wao hawakufurahia kumwona katika hali hiyo. Kwa hivyo, msomaji, usidhani ugomvi huu ulianza na sinema. Ulianzia kitabuni.

Karatasi za msamiati

Riwaya yenyewe haikupata njia rahisi. Ilikataliwa na wachapishaji zaidi ya 20 kabla ya kukubaliwa na Chilton, kampuni iliyofahamika zaidi kwa vitabu vya kutengeneza magari. Baadaye ilipata umaarufu mkubwa na kutunukiwa tuzo za Hugo na Nebula, ambazo ndizo tuzo kubwa za fasihi ya kisayansi nchini Marekani.

Filamu ya kwanza iliongozwa na David Lynch na ikatoka Desemba 1984. Iligharimu takriban dola milioni 40, lakini mauzo ya tiketi Marekani hayakufikia kiasi hicho. Kitabu kikubwa kama hicho kilibanwa katika muda wa saa mbili na dakika 17, na katika baadhi ya kumbi watazamaji walikabidhiwa karatasi yenye maana ya maneno magumu. Hebu fikiria! Umelipa kiingilio ili ustarehe, na mlangoni unapewa msamiati kama mtahiniwa. Mhakiki mashuhuri Roger Ebert aliipa filamu hiyo nyota moja tu. Lynch naye, ambaye hakuwa na kauli ya mwisho juu ya uhariri, aliikana filamu yake, na toleo refu lililotayarishwa baadaye kwa ajili ya televisheni likatolewa bila jina lake.

Lakini lililowachoma zaidi wasomaji wa kitabu ni mwisho wake. Filamu inamalizika kwa Paul kuiteremsha mvua juu ya jangwa, watu wakitazama juu kwa mshangao. Ni picha ya kupendeza, sivyo? Tatizo ni kwamba kitabuni maji ni sumu kwa nyungunyungu, na bila nyungunyungu hakuna kiungo. Mvua ya ghafla ingekuwa msiba. Zaidi ya hayo, mtu anayeamuru mawingu si binadamu tena bali ni mungu, na hicho ndicho kitu ambacho Herbert hakutaka Paul awe. Mwandishi huyo, aliyefariki mwaka wa 1986, alisifu mengi katika filamu hiyo lakini mvua ile aliilalamikia.

Ajabu ni kwamba muda ulivyopita filamu hiyo ilijipatia mashabiki sugu kupitia kanda za video. Waliyaona mavazi yake, majumba yake ya kifalme na vituko vyake, wakavipenda jinsi vilivyo. Kweli, kibaya chako si kibaya kwa mwenzio.

Nusu ya hadithi

Mwelekezi Denis Villeneuve wa Kanada, ambaye alikipenda kitabu hicho tangu ujana wake, aliamua kutorudia kosa la kubana. Aliigawa hadithi mara mbili. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka wa 2021 baada ya kucheleweshwa na janga la korona. Nchini Marekani ilionyeshwa katika kumbi za sinema na kwenye huduma ya HBO Max siku moja, jambo ambalo Villeneuve alilipinga hadharani.

Hapo tena watazamaji walitengana. Wako waliosema kwamba ukubwa wa mashine, ukimya wa jangwa na muziki wa Hans Zimmer vililitetemesha vifua vyao. Wengine walinung’unika kwamba wameketi saa mbili na nusu, na hadithi inakatika pale tu Paul anapokutana na wenyeji. Manung’uniko hayo yalikuwa na msingi, kwani idhini rasmi ya kutengeneza sehemu ya pili ilitangazwa siku chache baada ya filamu kuingia katika kumbi za Marekani. Aidha, walikuwapo walioudhika kwamba mwanasayansi Kynes, ambaye kitabuni ni mwanamume, amechezwa na mwanamke, Sharon Duncan-Brewster. Wengi wengine walimsifu kwa jinsi alivyoimudu nafasi hiyo. Filamu hiyo ilitwaa tuzo sita za Oscar.

Chani anapokataa kupiga magoti

Sehemu ya pili ilitoka mwaka wa 2024 na kuingiza zaidi ya dola milioni 700 kote duniani. Ndiyo iliyowasha moto mkubwa zaidi, na aliyeuwasha ni Chani, mpenzi wa Paul.

Kitabuni, Chani anabaki kando ya Paul hata anapokubali kumwoa binti mfalme kwa sababu za utawala. Katika filamu, Chani aliyechezwa na Zendaya hauamini utabiri tangu mwanzo. Anawaambia wenzake kwamba ni njia ya kuwatawala. Mwishoni, wote wanapopiga magoti, yeye anasimama wima, anatoka na kwenda zake jangwani. Baadhi ya wasomaji wa kitabu walilalama kwamba mapenzi mazuri yameharibiwa. Wengine walijibu kwamba mwelekezi amebadilisha matendo ili alinde maana: alihitaji mtu mmoja ndani ya hadithi wa kusema kile ambacho Herbert alitaka msomaji akifikirie mwenyewe.

Kisha mtazame Stilgar, kiongozi wa Fremen aliyechezwa na Javier Bardem. Paul akifanya jambo, Stilgar anaona ni ishara. Paul akikana kwamba yeye ndiye mkombozi, Stilgar anasema unyenyekevu huo ndio uthibitisho. Watazamaji hucheka, na wana haki ya kucheka. Lakini filamu inapokaribia kwisha, mtu huyo aliyetuchekesha anakimbilia vita kwa furaha, na kicheko kinakukauka kinywani. Hata hivyo, wako walioshangilia mpaka mwisho na kutoka wakimsifu Paul, kama vile wasomaji wa kwanza wa kitabu walivyofanya.

Maneno tunayoyajua

Kuna jambo ambalo wewe unayesoma Kiswahili utalisikia upesi kuliko watazamaji wengi wa Marekani. Herbert aliazima maneno mengi ya Kiarabu, na mengi kati ya hayo ni jamaa wa maneno yetu. ‘Shaitan’ huhitaji kutafsiriwa. ‘Usul’, jina la siri analopewa Paul, ni ndugu wa usuli na asili. ‘Muad’Dib’, jina lake la kivita, kitabuni ni jina la panya wa jangwani, lakini lina sauti ya neno la Kiarabu la mwalimu, mwenye kuadibu.

Utamu zaidi uko katika ‘Lisan al-Gaib’, jina ambalo wenyeji wanampa mkombozi wao. Lisani ni ulimi. Ghaibu ni kilicho mbali, kisichoonekana, na ndimo tulimotoa neno ughaibuni. Herbert alilieleza jina hilo kuwa sauti itokayo nje ya sayari. Kwa lugha yetu ya kila siku, basi, Fremen wanamsubiri msemaji kutoka ughaibuni! Sisi tuna methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Dune inauliza: je, mwenyeji kweli atapona, au atageuzwa askari wa mgeni?

Maneno hayo yalileta malalamiko mengine. Filamu za Villeneuve zilipigwa picha katika majangwa ya Wadi Rum nchini Jordan na Abu Dhabi, na zimejaa mavazi na sauti zinazokumbusha nchi za Waarabu. Watazamaji kadhaa wa asili hiyo waliuliza kwa nini basi nafasi kuu za Fremen hazikupewa waigizaji wao. Pia waliona kwamba neno ‘jihad’, linalotumika mara nyingi kitabuni, limeondolewa na badala yake panatajwa vita vitakatifu. Wako waliosema hiyo ni busara, kwa sababu neno hilo limepakwa matope katika vyombo vya habari. Wengine walisema ni kuchukua nguo za watu na kuwaacha wenyewe nje ya mlango. Yapime mwenyewe.

Nyumbani kwako je?

Ikiwa wewe ni mzazi, filamu hizi zina mauaji na vitisho. Marekani zinashauriwa kutazamwa kwa uangalizi na walio chini ya miaka 13. Usiwaachie watoto skrini ukaenda zako; keti nao. Ikiwa wewe ni mwanafunzi, bila shaka unajua kwamba aliyetazama mchezo wa kitabu cha kutahiniwa jukwaani bila kukisoma hunaswa na swali la kwanza la mtihani. Kwa Dune ni vivyo hivyo. Kitabuni, kwa mfano, anayemuua mkuu wa Harkonnen ni dadake Paul, mtoto mdogo wa miaka michache. Katika filamu ya 2024 dada huyo bado yumo tumboni mwa mamake, na anayemuua ni Paul. Ukiyajua yote mawili unaweza kuuliza kwa nini yalibadilishwa. Ukijua moja, unaweza tu kusema umelipenda au hukulipenda.

Mkimaliza kutazama, msikimbilie kulala. Ulizaneni: nani aliutunga utabiri ule, na kwa faida ya nani? Wenyeji walipata nini baada ya ushindi? Chani alikosea alipoondoka? Msishangae mkikosa kukubaliana, maana wasomaji wa Herbert nao hawajakubaliana tangu mwaka wa 1965.

Na kama kuna mtu aliyepiga makofi Paul alipotwaa kiti cha enzi, usimcheke. Mwombe akueleze ni ahadi gani iliyomvutia. Kisha jiulize wewe mwenyewe kama ungekuwa na ujasiri wa kubaki umesimama huku ndugu zako wote wamepiga magoti.