Kupiga picha za vito: Nunua mwanga kwanza, kamera baadaye

Katika biashara ya vito, siku hizi picha hutangulia mzigo. Dalali wa Arusha mwenye tanzanaiti ya Mirerani anaweza kupata mteja Jaipur, Bangkok au New York, lakini mteja huyo hataki kusikia bei kabla ya kuliona jiwe. Picha ikiwa na ukungu, atadhani jiwe lina kasoro. Ikiwa imependezeshwa kupita kiasi, jiwe litarudishwa, na gharama za usafirishaji na bima zitamwangukia muuzaji. Kwa hiyo vifaa vya kupigia picha za karibu ni sehemu ya mtaji, na vinastahili kupigiwa hesabu kama mtaji mwingine wowote.

Kosa linaloonekana kwa wengi wanaoanza ni kumaliza fedha kwenye kamera ya bei kubwa. Tanzanaiti ya duara ya karati 1 ina upana wa takribani milimita 6 tu. Lenzi ya makro hutoa picha ya 1:1, maana yake kito cha milimita 6 huchukua milimita 6 zile zile juu ya kihisi, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Kamera ya pikseli milioni 24 yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 italipa jiwe hilo upana wa pikseli 1,000. Kamera ya bei nafuu yenye idadi hiyo hiyo ya pikseli, lakini kihisi cha upana wa milimita 23.5, italipa pikseli 1,500 hivi. Katika kazi hii, basi, kamera ndogo haimpunji mwenye mtaji mdogo.

LENZI
Lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105 ndiyo inayofaa zaidi. Ile ya milimita 50 au 60 hulazimika kukikaribia kito mno, hata lenzi yenyewe ikakizibia mwanga. Asiye na uwezo huo anaweza kuanza na mirija ya kurefusha lenzi. Mirija hii haina kioo ndani. Huisogeza tu lenzi mbali na kamera. Mirija ya jumla ya milimita 50 ikifungwa kwenye lenzi ya kawaida ya milimita 50 hutoa 1:1. Chagua yenye viunganishi vya umeme, la sivyo kamera nyingi za sasa zitashindwa kuongoza tundu la lenzi.

Anayenunua lenzi iliyotumika amulike kwa tochi ndani ya kioo. Kwenye unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, fangasi huota ndani ya lenzi zilizofungiwa kabatini, na kuziondoa ni gharama.

MIPANGO YA KAMERA
Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. ISO iwe 100 ili picha isiwe na chembechembe. Kwa kuwa kito hakitembei, kasi ya shata si tatizo. Hata sekunde nzima inafaa, mradi utumie saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera.

Tundu la lenzi liwe f/8 hadi f/11. Kwenye 1:1, f/11 hutoa eneo kali la kina cha milimita 1 na kidogo, kwa kamera ya kihisi kikubwa. Wengi hukimbilia f/22 ili kuongeza kina hicho, lakini tundu dogo mno hutawanya mwanga na picha nzima hulegea. Njia bora ni kupiga picha kadhaa, kila moja ukisogeza fokasi kidogo, kisha kuziunganisha kwa programu ya kompyuta.

RANGI NDIYO BEI
Tanzanaiti huonyesha rangi tofauti kulingana na upande unaotazamwa, na hubadilika kwa mwanga: chini ya mwanga wa mchana huelekea buluu, na chini ya balbu ya joto huelekea zambarau. Kwa sababu hiyo, fedha ya kwanza iende kwenye taa. Tafuta taa mbili za mwanga wa mchana, wa kelvini 5,500 hivi, zenye alama ya uaminifu wa rangi (CRI) ya 90 au zaidi. Tandaza karatasi nyeupe nyembamba kati ya taa na jiwe ili kuzuia mng'ao mkali. Anza kila siku ya kazi kwa kupiga picha ya kadi ya kijivu na kuirekebisha kamera kwa kadi hiyo.

Mteja atumiwe picha mbili, moja ya mwanga wa mchana na nyingine ya balbu, kila moja ikitajwa ni ya mwanga gani. Pembeni pa jiwe pawe na rula ya milimita, na uzito uandikwe kwa karati. Usiongeze rangi kwenye kompyuta.

HESABU
Tuseme taa, stendi, mirija na kamera iliyotumika vimegharimu shilingi 1,200,000, na unapiga picha za mawe 400 kwa mwaka. Kila jiwe limebeba shilingi 3,000 mwaka wa kwanza. Mwenye mawe 20 tu kwa mwaka amebeba shilingi 60,000 kwa jiwe, na huyo ni afadhali ashirikiane vifaa na wenzake wawili watatu. Lenzi kamili ya makro ingoje faida ya mauzo, haifai kukopewa.