Je, Wajua? Kylie Minogue alivyobadili muziki wake

Kylie Minogue wa Australia alijulikana kwanza kama mwigizaji wa tamthilia ya televisheni, *Neighbours*. Mwaka 1987 alirekodi upya wimbo wa zamani wa Kimarekani, ukashika namba moja nchini kwao.

• Alipofika London, watayarishaji Stock, Aitken na Waterman walikuwa wamesahau miadi yake. Inasimuliwa kwamba walimtungia "I Should Be So Lucky" kwa dakika 40 hivi, huku yeye akisubiri.

• Albamu zake nne za mwanzo zilipikwa kwa sehemu kubwa na watu hao. Baadaye akaachana nao, akaanza kujitafutia njia. Mwaka 1995 aliimba na Nick Cave, mwanamuziki wa roki, na mwaka 1997 akatoa *Impossible Princess*, albamu ambayo mashairi yake mengi aliyaandika mwenyewe.

• Albamu ya *Light Years* ya mwaka 2000 ilimrudisha kwenye muziki wa kucheza. Alipata tuzo yake ya kwanza ya Grammy mwaka 2004. Ya pili ilikuja miaka 20 baadaye.

• Kwa *Golden* ya mwaka 2018 alikwenda Nashville, Marekani, kuchota ladha ya kantri.

• Korona ilipofunga studio mwaka 2020, alijifunza kurekodi sauti yake mwenyewe nyumbani. Matunda yake ni *Disco*, iliyomfanya mwanamke wa kwanza kuwa na albamu namba moja Uingereza katika miongo mitano mfululizo.