Mkubwa Asiyeambilika

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumelelewa nayo majumbani, madrasani na skuli, na hapana anayebisha kuwa ni ya haki. Lakini jambo hili lina upande wa pili, nao hausemwi mara nyingi: mkuu asiyesikia la mdogo huweza kuvunja miguu ya wengi wasio na hatia. Upande huo ndio tunaopenda kuuzungumza leo, kwani unahusu ofisi zetu, vyombo vyetu vya baharini, na hata majumba yetu.

Tutoe mfano kutoka kisiwa cha mbali. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife katika visiwa vya Canary, vilivyo chini ya Hispania, ndege mbili kubwa za aina ya Boeing 747 ziligongana katika njia ya kurukia. Moja ilikuwa ya shirika la KLM la Uholanzi, na ya pili ya Pan American ya Marekani. Walikufa watu 583, na hadi leo haijatokea ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi ya hao. Mitambo ya ndege zote mbili ilikuwa mizima. Kilichoharibika ni mazungumzo baina ya wanadamu.

Ndege hizo hazikupangiwa kutua hapo. Bomu lilikuwa limeripuka katika kiwanja cha kisiwa jirani cha Gran Canaria, ndipo ndege nyingi zikaelekezwa Tenerife, kwenye kiwanja kidogo kilichojaa mara moja. Kisha ukungu ukashuka. Waliokuwa mnarani hawakuziona ndege, wala ndege moja haikuiona nyengine. Tegemeo likabaki redio peke yake.

Rubani mkuu wa KLM alipofika mwanzo wa njia aliyotaka kurukia, aliongeza nguvu za injini kabla ya kupewa ruhusa. Msaidizi wake akamkumbusha kuwa ruhusa haijatoka. Akasita, akamwagiza aiombe. Mnara ukatoa maelekezo ya safari itakavyokuwa baada ya kuruka, lakini haukutoa ruhusa ya kuruka. Msaidizi angali anayarudia maelekezo hayo, rubani akaanza tena kuiondoa ndege. Safari hii msaidizi hakumzuia. Alimalizia redioni kwa maneno ya Kiingereza yaliyoweza kufahamika kwa njia mbili: kuwa wako tayari kuruka, au kuwa wanaruka. Mnara ukajibu "sawa", kisha ukawataka wangoje. Wakati ule ule Pan American wakasema kuwa wao bado wamo njiani. Sauti mbili zikapandana, na katika chumba cha marubani wa KLM likasikika wazi lile neno "sawa". Yaliyofuata yalichanganyika na mlio mkali.

Hata hapo ilikuwapo nafasi ya kuokoka. Mhandisi wa ndege, mtu wa tatu chumbani humo, aliuliza kama ile ndege ya Pan American haijatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kuwa imeshatoka. Mhandisi akanyamaza. Sekunde chache baadaye ndege zikagongana.

Rubani yule hakuwa mtu wa kubabaisha. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa ndege za aina hiyo katika shirika lake, na picha yake ilitumiwa katika matangazo ya shirika. Hapana awezaye kuingia katika moyo wa marehemu. Hata hivyo, si vigumu kukisia kwa nini wenziwe hawakung'ang'ania. Mbele ya bingwa, mdogo huanza kuyatilia shaka masikio yake mwenyewe. Na bingwa naye, akishazoea kuwa yeye ndiye ajuaye, huisikia hofu ya mdogo kama usumbufu.

Wenye kazi hiyo walijifunza. Kanuni za redio zilirekebishwa, ili neno la "kuruka" litumike tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Mwaka 1979 shirika la NASA la Marekani liliitisha mkutano juu ya namna marubani wanavyofanya kazi pamoja, na kutokana na juhudi hizo mashirika ya ndege yakaanza kuwafunza wadogo kusema waziwazi, na wakubwa kuuliza na kusikiliza.

Je, sisi tumejifunza? Kwetu mtu hutazamwa kabla ya kusikilizwa. Mvuvi aingiapo ofisini na msuli uliofifia huhesabiwa kuwa hajui kitu, ilhali yeye anaijua miamba na mikondo kuliko ramani iliyotundikwa ukutani. Naye mvuvi akimwona ofisa humhesabu kuwa amekuja kuamrisha tu. Basi huitikia "ndiyo, mheshimiwa" kwa kila analoambiwa, akirudi kwao akafanya alionalo. Hapo maneno yamesemwa, lakini mawasiliano hayakuwapo.

Adabu yetu haimruhusu mdogo kumpinga mkubwa mbele za watu. Adabu hiyo ni pambo letu, na hatuna haja ya kuivunja. Ndiyo maana mzigo wa kuufungua mlango uko juu ya mkubwa. Ofisa anayemaliza mkutano wa shehia kwa kuuliza "mmefahamu?" atajibiwa "tumefahamu", hata kama hapana aliyefahamu. Afadhali aseme: "Hebu nielezeni nyinyi, kesho mtaanzia wapi?" Mkuu wa idara atakaye shauri la kweli na azungumze mwisho, kwani akitangulia kutoa rai yake, walio chini yake watairudia hiyo hiyo. Nahodha ambaye baharia wake amemwambia kuwa chombo kimezidi uzito asimkemee mbele ya abiria. Na aangalie kwanza mstari wa maji, ndipo ajibu.

Wananchi nao wana wajibu wao. Kuuliza si ujinga, na kuuliza mara ya pili si utovu wa adabu. "Samahani, mkubwa wangu, sijaridhika" ni maneno ya heshima kamili, na huenda yakaokoa roho za watu.

Viongozi wetu wasidanganywe na utulivu wa mikutano yao. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakasema pia kuwa ukubwa ni jaa: mwenye nao hutupiwa kila kitu, na hana budi kukipokea. Neno la mdogo, hata likija kwa wakati mbaya na kwa sauti ya kusitasita, ni miongoni mwa vitu anavyopaswa kuvipokea.