Bay

Bay (hutamkwa karibu sawa na neno la Kiswahili "bei") ni neno fupi la Kiingereza lenye maana mbalimbali. Katika Afrika ya Mashariki linajulikana hasa kupitia majina ya mahali, kwa mfano Mbamba Bay, mji mdogo kando ya Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, Tanzania. Mji huo ni makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012.

Ingawa huandikwa kwa namna moja, "bay" si neno moja. Ni maneno kadhaa yenye asili tofauti, yaliyoingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha Kale na kufanana kwa umbo tu.

Maana na asili

- Ghuba, yaani sehemu ya bahari au ziwa iliyoingia katika nchi kavu. Asili yake ni Kilatini cha baadaye "baia".
- Mti ambao majani yake makavu hutiwa katika mchuzi (Laurus nobilis). Asili yake ni Kilatini "baca", yaani tunda dogo.
- Rangi ya farasi wa kahawia mwenye mkia mweusi. Asili yake ni Kilatini "badius".
- Nafasi kati ya nguzo za jengo, au sehemu iliyotengwa kwa ajili ya kuegesha gari au kupakia mizigo. Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuwa wazi kama kinywa.
- Kubweka kwa mbwa wa kuwinda. Neno hili liliiga mlio wenyewe.

Neno la Kiswahili "bei" halina uhusiano na hayo yote. Limetokana na Kiarabu, ambako linahusu kuuza.

Majina ya mahali

Upande wa Malawi wa Ziwa Nyasa kuna Nkhata Bay na Monkey Bay. Nchini Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, kuna Homa Bay na Kendu Bay. Dar es Salaam kuna mtaa wa Oysterbay.

Wakati wa ukoloni, Wajerumani walitumia neno lao "Hafen", yaani bandari. Liuli, katika Wilaya ya Nyasa ya leo, iliitwa Sphinxhafen, na Manda, kaskazini zaidi, iliitwa Wiedhafen. Majina hayo hayatumiki tena.

Tafsiri

Mfasiri hana budi kutazama muktadha kwanza. Katika habari za jiografia, "bay" ni ghuba, au hori ikiwa ni ndogo. Hata hivyo Kiswahili hutumia "ghuba" pia kwa "gulf", neno lingine la Kiingereza: Ghuba ya Bengali ni "bay", lakini Ghuba ya Uajemi ni "gulf".

Jina la mji halitafsiriwi. Anayesema "ghuba ya Mbamba Bay" anataja ghuba mara mbili, sawa na "Ziwa Nyasa", kwa kuwa "nyasa" kwa Kiyao ni ziwa.